Miezi saba na uji hautaki, nimfanyeje?

"Assalam alaykum. Mie ni mama wa mtoto wa kwanza, nipo Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume ana miezi saba, nilimnyonyesha ziwa tupu mpaka akatimiza miezi sita kama nilivyoambiwa kliniki, ndo nikaanza uji. Toka siku ya kwanza anautema. Nikimsogezea kijiko anageuza uso, nikimlazimisha analia mpaka anatapika. Natumia unga wa lishe wa nafaka saba una soya na karanga ndani, uji nauchuja usiwe na chenga, natia sukari, siku nyengine namtilia kwenye chupa na chuchu nimeitoboa ipanuke. Ziwa analitaka muda wote, usiku ndo usiseme. Kliniki mwezi huu alikuwa kilo 7.4, mwezi uliopita 7.2. Mavyaa anasema mtoto ana kimeo akakatwe, na kama si kimeo basi nimwachishe ziwa ashike njaa. Jirani nae kaninong'oneza eti tumembemenda. Juzi mavyaa alimlaza mapajani akamziba pua akamnywesha uji kwa kiganja, mtoto akapaliwa mpaka akabadilika rangi, mie nikatoka nje nikalia. Nimnunulie dawa ya hamu ya kula? Au ya kuongeza damu? Nisaidie."

Waalaykum salaam mwanangu. Pole, na hongera kwa kufika miezi sita ziwa tupu, maana najua kwenye nyumba yenye wakubwa si kazi ndogo, kila mgeni anayeingia anataka mtoto aonjeshwe kitu.

Lile la kiganja nalitanguliza kwa sababu haliwezi kusubiri. Lisirudiwe tena, hata kwa kijiko kimoja. Mtoto ukimlaza chali ukamziba pua, pumzi atavuta kwa mdomo tu, na mdomoni mna uji, kwa hiyo uji unafuata pumzi unashuka mapafuni. Huko kubadilika rangi ulikokuona ndo hewa ilikuwa inakosa njia. Leo atakohoa tu yakaisha, siku nyengine uji ukibaki mapafuni inakuja homa na kubanwa kifua, tukimpokea spitali tunatibu nimonia ambayo imeanzia jikoni. Kama toka siku ile anakohoa, ana homa au anapumua haraka haraka, usimalizie kusoma, mpeleke leo. Alafu kuna madhara mengine ambayo hayaonekani, mtoto akinyweshwa hivyo anajifunza kuwa kibakuli kikija ni vita, baadae hata ukimletea kitu kitamu anafunga mdomo. Simsemi vibaya bi mkubwa, wengi wetu tumeleleshwa hivyo hivyo na yeye anamtakia mjukuu wake kheri, ila hili hapana.

Sasa tuangalie hicho kinachokukosesha usingizi, kuwa mtoto atadhoofu. Kilo 7.4 kwa mtoto wa kiume wa miezi saba si nyingi lakini zimo ndani ya kawaida. Wa katikati kabisa ana kama kilo 8.3, na sisi kliniki tunaanza kushtuka akiwa chini ya 6.7. Wako kapanda gramu 200 ndani ya mwezi, hakushuka wala hakusimama pale pale. Kwa hiyo una muda wa kulifanya jambo hili kwa utaratibu, si wiki hii lazima ale bakuli zima.

Mie nikisoma maelezo yako sioni mtoto asiyetaka kula. Naona mtoto asiyetaka huo uji, kwa namna hiyo anavyopewa, na saa hizo anazopewa. Hayo yote yanabadilika.

Tuanze na kutema. Toka kuzaliwa ulimi wake unajua kazi moja, kunyonya, unakwenda mbele na kurudi. Na watoto wachanga wana kinga ya kuzaliwa nayo, kitu chochote kigumu kikigusa ulimi unakisukuma nje wenyewe, hiyo ndo inamlinda asimeze kisichomezeka. Kinga hiyo huanza kufifia baina ya miezi minne na sita, wengine wanachelewa kidogo. Sasa wewe unamtilia kijiko, ulimi unafanya kazi yake ya zamani, uji wote kidevuni, na wewe unasema hataki. Hajasema hataki, hajui bado kukipeleka chakula nyuma. Anajifunza kwa kurudia, na anajifunza vizuri zaidi kwa chakula kizito kinachokaa kwenye ulimi kuliko maji maji yanayokimbia huku na huku.

Na kule kutaka kutapika, ile "ookh" inayokutisha, kwa watoto inaanzia mbele zaidi ya ulimi kuliko kwetu, kijiko kikiingia kidogo tu ndani tayari kashtuka. Kadiri anavyozoea inarudi nyuma. Kwa hiyo kijiko kiwe kidogo, kiweke juu ya mdomo wa chini, mngoje yeye afungue na akivute. Usikisukume ndani wala usimkwangulie uji kwenye ufizi wa juu, nawaona wengi wanafanya hivyo.

Hapa nataka ukae na mimi kidogo kwenye huo uji maana ndo penye kesi yenyewe. Tumbo la mtoto wako halichukui zaidi ya kama gramu 220 kwa mara moja, yaani bilauri moja ndogo. Uji uliochujwa mpaka ukapita kwenye chuchu ya chupa ni maji matupu yaliyopakwa unga. Akiunywa wote tumbo limejaa na alichopata ni kidogo, tena mara nyingi ni kidogo kuliko ambacho angepata kwenye ziwa kwa nafasi hiyo hiyo. Sasa mtoto ana akili zake, ziwa lina mafuta, lina utamu, lina mama, uji mwepesi una nini? Mie ningekuwa yeye ningelitaka ziwa pia. Kwa hiyo chujio kiweke, chupa na chuchu iliyotobolewa itupe kabisa (hata kuiosha ikasafika ni kazi, na joto letu hili vijidudu havilali), na uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko haumwagiki. Ukishaiva tia kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia au tui zito, hapo umeongeza nguvu bila kuongeza ujazo.

Unga wa nafaka saba nao sina sifa nao. Watu wanadhani kila nafaka inaleta kitu chake, mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano, wakati zote zinaleta karibu kitu kimoja, wanga. Moja inatosha. Soya ikisagwa mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, lazima ikaangwe au ichemshwe vizuri kwanza, na hujui aliyekusagia alifanya nini. Karanga na mahindi kwenye unyevu wa visiwa vyetu hushika ukungu haraka, na ule ukungu una sumukuvu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo nunua unga wa kitu kimoja, mtama au mahindi, kidogo kidogo, karanga zichague mwenyewe, iliyokunjamana au iliyobadilika rangi itupe, kaanga usage laini utie kijiko kimoja kwenye uji ukishaiva. Na usiogope kumpa karanga au samaki au yai kwa kudhani yatamletea mzio, tulikuwa tunawaambia wazazi wasubiri, sasa inajulikana kuwa kuchelewesha hakumkingi, na kwa karanga kumpa mapema ndani ya mwaka wa kwanza kunapunguza mzio kwa kiasi kikubwa. Anza na kidogo sana, asubuhi, ili siku nzima umuone. Kama ana ukurutu mkali wa ngozi au ameshawahi kuvimba mdomo, hapo ongea na daktari kwanza. Karanga nzima nzima hapana, mpaka apite miaka mitano.

Sukari iache. Utamu haumfundishi mtoto, anazaliwa anaupenda, kinachohitaji kufundishwa ni ladha nyengine, na ukimzoesha kila kitu kitamu ndo utampoteza moja kwa moja. Chumvi pia asitiliwe, figo zake bado changa. Asali mpaka atimize mwaka, inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto mpaka misuli ya kupumua, hata ile ya kuramba kidoleni usimpe.

Wewe unahofia tumbo, mie nahofia damu. Nguvu anazohitaji mtoto wa umri wake zaidi ya nusu bado zinatoka kwenye ziwa, chakula kinatakiwa kijaze kama kalori 200 tu kwa siku, si nyingi. Lakini madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, kwenye maziwa ya mama ni machache sana. Mtoto anazaliwa na akiba yake aliyochukua tumboni, na ikifika miezi sita akiba hiyo inakuwa inakwisha, kuanzia hapo karibu chuma chote lazima kitoke kwenye kijiko. Sasa uji wa unga na sukari hauna cha kutosha, hata kama angekula bakuli mbili. Ndo maana nawaambia akina mama, kama mtoto atakubali vijiko vitatu tu leo, basi kwenye hivyo vitatu mwe na samaki, au ini, au yai, au nyama. Chakula chenyewe kitoke baharini na bandani kwa kuku, kila siku akipata kimoja katika hivyo.

Na kwetu Pemba hilo si jambo la kwenda kutafuta mbali. Chukua ndizi mzuzu au mkono wa tembo, ichemshe na tui jepesi, tia kipande cha changu au kibua, ikiiva toa miba yote, tena ipapase kwa vidole usiamini macho, ponda kwa uma, basi. Siku nyengine boga na ini la kuku, ini mara moja au mbili kwa wiki linatosha. Siku nyengine wali uliopikwa laini na choroko za nazi, ukimaliza mkamulie chungwa kidogo juu, maana chuma cha kwenye majani na kunde hakiingii mwilini vizuri bila kitu cha uchachu. Embe mafuta (parachichi) halipikwi hata, liponde, lilainishe na maziwa yako. Majimbi yaive kisawasawa la sivyo yatamuwasha koo na utarudi kuniambia ana kimeo. Dagaa ni wazuri mno lakini dagaa wetu wengi wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, waroweke, waoshe, ndo uwakaange na kuwasaga. Ng'onda na papa mkavu waachie wakubwa.

Nizungumze na hili la viungo kwa sababu naulizwa kila siku. Vitunguu, thomu, bizari nyembamba, iliki kidogo, havina shida, pilipili tu ndo mwache. Ladha za unavyokula wewe zinapita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa, mtoto wako ameshaujua mchuzi wenu kabla hajauona. Inawezekana kabisa anayeukataa uji wa sukari akaukubali mchuzi wa samaki uliopondwa na ndizi, nimeona wengi hivyo. Na chai, tafadhali, iwe ya rangi au ya maziwa, na ule mkate wa boflo wa kuchovya, si chakula cha mtoto, majani ya chai yanashika chuma kisiingie mwilini, yaani unampa samaki kwa mkono huu unamnyang'anya kwa mkono huu. Juisi ya bitiruti na rozela nazo hazitii damu kwa sababu ni nyekundu, rangi ni rangi tu.

Haya, namna ya kumpa. Usimpe ametoka kunyonya, ameshiba. Na usimpe akiwa na njaa ya kulia, hapo atataka ziwa tu hata umletee nini. Pale katikati, kama saa moja au saa moja na nusu baada ya ziwa, ameamka usingizini, hana homa, hajachoka, hapo ndo mwake. Mkalishe wima mapajani pako anakutazama, au mkekani umemuegemeza vizuri, shingo imara. Anza na vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili au tatu kwa siku, polepole mpaka akikaribia miezi minane au tisa awe anamaliza nusu ya kikombe cha robo lita. Akigeuza uso, subiri, ongea nae, mjaribu tena mara moja, akigeuza tena ondoa kibakuli na usikunje uso. Akila mbili akanyamaza, Alhamdulillah. Nini ale na saa ngapi ni kazi yako wewe, kiasi gani mwachie yeye. Hilo kwa wazazi wengi ndo gumu kuliko kupika.

Chakula kimoja alichokikataa leo usikifute. Watoto wengi wanahitaji kuonjeshwa kitu kile kile mara nane, kumi, wengine zaidi, ndo wakikubali, na mama wengi wanaacha mara ya tatu. Kidogo tu, ncha ya kijiko, kesho tena. Mtoto kukunja uso si lazima awe kachukia, anashangaa tu, utaona anakunja uso huku anafungua mdomo.

Jambo jengine nadhani nyumbani kwenu mnalikosa bila kujua. Nyinyi mnakula kwenye sinia pamoja, mtoto analishwa peke yake pembeni, mtu mmoja kamkazia macho na kijiko mkononi kama askari. Mlete kwenye mkeka. Akae aone mikono inavyokwenda, midomo inavyotafuna, mpe kibakuli chake mwenyewe (si kwenye sinia, maana hutojua kala kiasi gani na wakubwa wanakula haraka) na mpe na kipande cha ndizi iliyochemshwa au boga laini, kinachopondeka baina ya vidole viwili, akishike mwenyewe. Atajipaka, atakichezea, ataangusha nusu, ndo anajifunza. Siku hizi kuna wanaosema mtoto asilishwe kijiko kabisa ajishikie mwenyewe tu. Mie sioni ubaya wa kujishikia ila kwa mtoto mgumu kama wako sikushauri umwachie peke yake, vipande vingi anavyoweza kushika havina chuma, fanya yote mawili.

Ukiacha kuchuja utakutana na mabonge na utaogopa kupaliwa, kwa hiyo ujue tofauti. Akitaka kutapika anafanya kelele, anakohoa, uso unakuwa mwekundu, machozi yanatoka, hapo mwachie, anajitoa mwenyewe, usimtie kidole. Aliyekabwa kweli anakuwa kimya, hawezi kulia wala kukohoa, midomo inageuka rangi. Huyo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kiwe chini, mpige mgongoni baina ya mabega mara tano kwa kiganja, ikishindikana mgeuze chali umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, rudia mpaka kitoke huku mtu anatafuta gari. Na zabibu nzima, shokishoki, karanga, pipi na kipande kigumu cha muhogo visimfikie. Lakini mabonge laini yenyewe usiyacheleweshe, watoto wanaopita miezi tisa kumi wanakula vilivyosagwa tu, wengi wao husumbua sana kula wakikua. Brenda kwa hiyo si lazima ununue, uma unatosha. Uji wa maboksi ya dukani nao, kuna ulioongezwa chuma na si vibaya siku umechoka au upo safarini, ila soma pale pembeni, mwingi una sukari, na kwa bei yake unapata samaki wa siku kadhaa.

Chakula kilichobaki kwenye kibakuli chake usimwekee. Na ule uji wa kuchemsha asubuhi ukakaa kwenye chupa ya chai mpaka jioni ndo unaoleta kuharisha, alafu tunasema ni meno. Pika kidogo, nawa mikono, kilichokaa nje zaidi ya saa mbili kitupe. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa kikombe, mafunda mafunda tu baada ya chakula.

Sasa ya bi mkubwa. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa koo, kila mtu anacho, mimi ninacho, yeye anacho. Hakizuii mtoto kula. Kukatwa kwa mganga kunaleta damu isiyokatika, vidonda vinavyooza, pepopunda na maradhi ya wembe uliokata wengine, watoto wanafika spitali damu imewaishia. Kwa hili simama imara na mumeo asimame na wewe. Kumwachisha ziwa ili ashike njaa nako ni kumtoa mtoto kwenye chakula alichonacho kabla hajapata chengine, atapungua kilo kweli safari hii, na hata dini yetu imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, hilo mwambie kwa upole, nadhani atalisikia. Kubemenda usikubali kubebeshwa. Mke na mume kukutana hakuharibu maziwa wala hakumdhuru mtoto. Penye chembe ya ukweli ni kwamba mama akibeba mimba nyengine mapema, maziwa yanaweza kupungua na mtoto mkubwa akasahaulika, kwa hiyo ukienda kliniki uliza habari ya kupanga uzazi, lakini aibu hiyo ya jirani irudishe kwa jirani.

Dawa ya hamu ya kula, hapana. Baadhi ya hizo zinazouzwa madukani ndani yake mna dawa ya mzio inayoleta usingizi, mtoto wa chini ya miaka miwili haimfai, na hamu ya mtoto wako haina ugonjwa, usiku mzima ananyonya. Dawa ya damu nayo usimpe kwa kubahatisha, na hapa nina sababu ya hapa hapa kwetu. Pemba ulifanyika utafiti mkubwa wa watoto wa mwezi mmoja mpaka miezi 35, uliochapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la kitabibu la Lancet, watoto walipewa chuma na foliki (vitamini inayosaidia kutengeneza damu) kila siku bila kupimwa kwanza nani ana upungufu, na ikaonekana kuugua sana mpaka kulazwa, au kufa, kulikuwa kwingi zaidi kwa waliopewa kuliko wasiopewa, mpaka sehemu hiyo ikasimamishwa mwaka 2003 kabla ya wakati wake. Malaria ilikuwa kali mno wakati ule, siku hizi imeshuka sana visiwani. Kwenye utafiti huo huo, waliopimwa wakakutwa wana upungufu wa kweli dawa iliwafaa. Kwa hiyo ni kupima kwanza, ni kidole tu kinachomwa. Chuma cha kwenye samaki na ini hakina hofu hiyo. Vitamini A ni jambo jengine, kuanzia miezi sita anastahili tone la buluu, na baada ya hapo kila miezi sita mpaka afike miaka mitano, kama hajapata uliza kliniki.

Mpe wiki mbili tatu za mabadiliko haya bila kubadilisha kila siku. Lakini usisubiri hizo wiki kama kilo zimesimama au zimeshuka ukipima mwezi ujao, kama analikataa na ziwa, kama anakohoa au kupaliwa kila anapomeza hata maziwa, anatapika kwa nguvu au matapishi ya kijani, ana damu kwenye choo au kuharisha kunaendelea wiki mbili, kama viganja vyake ukivilinganisha na vyako vimepauka, miguu inavimba, mkojo umepungua, au kama bado analegea hakai hata kwa kushikiwa. Mwangalie na mdomo, utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu ni fangasi, inauma, na inatibika kwa siku chache. Waambie wampime na mkono kwa ule utepe, ikisoma chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa, chini ya 11.5 ni leo leo. Na akifika miezi kumi bado hamezi kitu chochote chenye bonge, usikubali kuambiwa atakua tu, omba akaonwe na daktari wa watoto, spitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee kule Mkoani.

Kabla ya yote hayo, mtafute yule mhudumu wa afya ya jamii wa shehia yenu, wa ule mpango wa Jamii ni Afya, anapita majumbani na hamlipi kitu. Mwombe aje saa unayomlisha mtoto, akae mkekani aone mwenyewe unavyofanya, na bi mkubwa awepo, tena mpe yeye kijiko siku hiyo. Habari ya kimeo ikitoka kwa mtu wa nje mwenye sare itamwingia kuliko ikitoka kwako wewe mkwe.